Msusi Aliyekataa Kufungua Mlango

Ndugu, jamaa, marafiki, na ninyi ambao mkipigiwa simu mnaitazama mpaka inyamaze: kwa masikitiko makubwa tunawatangazia kwamba mwandishi wa hadithi ambaye mlidhani amekwisha, hajaisha. Taratibu zote za kumsahau zimesitishwa. Waliokwisha kugawana nafasi yake wanaombwa kuirudisha katika hali ile ile waliyoikuta. Marehemu mwenyewe ameshindwa kuhudhuria tangazo hili kwa kuwa yuko kazini, amesimama nyuma ya kiti, chanuo limechomekwa kwenye nywele zake, na mikono yake yote miwili imo kichwani mwa mtu.

Marehemu huyu ni msusi. Saluni yake ni chumba kimoja cha chini, kwenye jengo lenye chuo cha kompyuta ghorofani na duka la mabomba ya maji pembeni. Ndani kuna viti viwili vya wateja, kioo kirefu chenye ufa uliozibwa kwa stika ya mafuta ya nywele, na kikaushio ambacho kikiwashwa taa hufifia kana kwamba inaona haya. Kiti cha dirishani ni chake. Cha pili ni cha wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo. Mume mwenyewe ni fundi wa mafriji. Mafriji ya mtaa mzima yanagandisha barafu kwa baraka za mikono yake, na friji la nyumbani kwake, lililoharibika zamani, linahifadhi mashuka.

Zamani kidogo msusi huyu alikuwa anaandika, tena hadharani. Alijiunga na chama cha waandishi chipukizi kinachokutana kwenye ukumbi wa maktaba, chini ya uenyekiti wa bwana mmoja ambaye tutamwita Kamusi, kwa sababu kila mtu anamwita Kamusi. Kamusi ni mstaafu wa kitengo cha uhusiano cha ofisi fulani. Amechapisha kitabu kimoja cha mashairi, na nakala zake nyingi bado zinalala naye chumba kimoja. Kamusi haongei, hutamka. Hata akikohoa, unahisi ametoa kauli.

Siku moja msusi alisoma hadithi yake mbele ya chama. Ilimhusu mama aliyekuwa akienda hospitali kila alasiri kumtazama mgonjwa asiyemjua, kwa sababu wodi ile ilikuwa mahali pekee ambapo hakuna mtu aliyemwita "mama" akitaka kitu. Alipomaliza, Kamusi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Dada, tunakushukuru," alisema. "Ila tusidanganyane. Hii siyo fasihi. Hii ni soga ya saluni."

Watu walicheka kile kicheko cha waliosoma, kinachotokea puani. Msusi naye akacheka, maana ukichekwa na ukumbi mzima unaona ni adabu kuwasaidia. Akakunja karatasi zake, akanywa chai yake mpaka mwisho, akaenda nyumbani. Hakuandika tena. Mtu akimuuliza kama yeye ndiye yule dada wa hadithi, alijibu "nilikuwa," kama mtu aliyeacha sigara.

Kwenye grupu la simu la chama alibaki. Siyo kwa mapenzi. Ukitoka kwenye grupu, simu inakutangaza kwamba umetoka, halafu watu wanaanza kukutafuta mmoja mmoja kukuuliza umeudhiwa na nani. Alijikausha humo kimya, akiona watu wakitakiana asubuhi njema kwa picha za maua.

Ndipo Kamusi akatangaza Changamoto ya Kalamu. Kila wiki angetoa neno moja, na kila mwanachama angeandika hadithi juu ya neno hilo. Atakayekosa wiki moja angeondolewa kwenye grupu bila huruma. Hadithi ni lazima iishe kwa funzo. Bora kuliko zote zingesomwa mbele ya watu ukumbini na kuingia kwenye kitabu cha chama. Mwenye kukubali aandike neno moja: Nipo.

Simu ya msusi ilinguruma mezani. Mikono yake ilikuwa imejaa jeli hadi kwenye vifundo.

"Wifi, hebu nisomee, isije ikawa shule ya watoto."

Wifi akaichukua, akasoma tangazo lote kwa sauti ya Kamusi, pamoja na kikohozi.

"Sasa?" aliuliza.

"Sasa nini? Iweke chini."

"Si uliniambia wewe ni mwandishi? Kaka yangu mpaka leo anadhani ameoa mwandishi. Mtu alikataa mabinti wenye kazi zao kwa ajili ya mwandishi, kumbe kaletewa mtu wa jeli."

"Wifi, iweke simu chini."

"Nimeweka."

"Mbona unaandika?"

"Nimeshaandika."

"Umeandika nini?"

"Nipo."

"Nani yupo?"

"Wewe."

Msusi aliruka kuifuta ile "Nipo", lakini kwa vidole vya jeli simu ilimponyoka kama samaki, na hadi anaifuta kwa taulo wanachama walikuwa wameshaweka vidole gumba, makofi, na mmoja aliweka moto. Kamusi aliandika: "Karibu tena, dada yetu. Tutakuvumilia."

Ile "tutakuvumilia" msusi aliitazama kwa muda mrefu. Mteja kitini akauliza kama kuna msiba.

"Bado," alisema msusi, akarudi kusuka, na siku hiyo alisuka kwa kukaza hadi mteja yule nyusi zikapanda.

Neno la kwanza lilikuwa Mwezi. Msusi hakutaka kuchekwa mara ya pili, kwa hiyo aliandika namna alivyodhani Kamusi angependa. Mwezi wake ulichomoza, ukatabasamu, ukalia, ukawa shahidi wa binti aliyeketi kando ya kisima akitiririkwa na machozi mithili ya lulu. Mwishoni binti aligundua kwamba subira ni kitu kizuri. Kabla hajatuma, aliisimulia kwa mteja, muuguzi mmoja aliyekuja kusuka rasta.

Hapa tusimame kidogo tuzungumzie shingo.

Msusi hamtazami mteja usoni. Anakitazama kisogo. Kwa hiyo miaka yote hiyo ya kupiga soga na watu, msusi wetu amejifunza kusoma vitu kwa vidole. Mteja anaweza kusema "eee, kweli?" huku amechoka kabisa, lakini shingo yake inalegea, kichwa kinakuwa kizito, unaanza kukibeba kama tikiti. Mteja akivutiwa, kichwa kinakuwa chepesi. Kinasimama chenyewe. Hata ukivuta kwa nguvu hakisogei wala mwenyewe hasemi "aa, taratibu". Hakuna anayeweza kuigiza hilo, kwa sababu hakuna anayejua kama shingo yake inasikiliza.

Basi, mwezi ulipochomoza, shingo ya muuguzi ililegea. Ulipotabasamu, kidevu kilifika kifuani. Binti alipoanza kutiririkwa na lulu, muuguzi alikoroma.

"Huyo amezimia au amelala?" aliuliza wifi.

"Ametoka zamu."

"Aliingia hapa akiwa macho. Nilimwona."

Msusi aliituma hivyo hivyo. Grupu lililipuka kwa makofi. Kamusi aliandika aya nzima yenye maneno "ukomavu", "taswira" na "hatimaye". Wifi alisoma sifa zote hizo, akamtupia jicho muuguzi aliyekuwa akifuta mate.

"Wifi, wanakupongeza kwa hadithi iliyoua mtu."

Kuanzia hapo msusi akawa na maisha mawili. Neno likija, kwanza aliwasimulia wateja hadithi yake mwenyewe, ile iliyokuja yenyewe: ya mzee aliyeiba saa yake mwenyewe ili apate cha kutafuta, ya mapacha waliopeana zamu ya kuugua. Vichwa vilisimama. Kisha wakati wa chakula cha mchana alikaa kwenye ngazi za nyuma, akaandika kwa kidole gumba hadithi nyingine ya kumpelekea Kamusi, yenye upepo mwanana na funzo. Grupu lilimsifu kwa zile za upepo. Za saluni ziliishia sakafuni, zikafagiwa pamoja na nywele.

Wifi hakupenda.

"Sasa faida yake nini? Wale wanasifu mtu ambaye hayupo."

"Angalau hawanicheki."

"Ungechekwa kwa kitu chako. Sasa hivi unasifiwa kwa kitu cha Kamusi. Si bora angejisifu mwenyewe, akuache ukale?"

Msusi akarudi kusuka. Lakini nani asiyejua wifi akisema kweli inavyowasha?

Likaja neno Mlango, na likaja siku moja na mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani ni mwanamke ambaye hata nzi wakiingia ofisini kwake hutua kwa mstari. Kwa miaka yote hajawahi kusuka mtindo mwingine: mistari ya kurudi nyuma, imenyooka, inatoshana, kwisha. Siku hiyo alikuja kwa sababu kesho yake wakaguzi wangefika shuleni. Alikaa, akafunga macho, akasema, "Kama kawaida." Msusi akaanza kusuka, na kwa kuwa mdomo wake haukai bure, akaanza kusimulia.

Palikuwa na seremala hodari. Alitengeneza milango ya mtaa mzima, isipokuwa wa kwake. Wa kwake ulikuwa umeng'oka bawaba ya juu, ukawa haufungi, na mkewe kila usiku aliuegemezea gunia la mkaa. Kila alipomkumbusha mumewe, mume alisema "kesho", kwa upole kabisa, maana alikuwa mtu mpole. Siku moja mke akaung'oa mlango wote. Akajifunika mtandio hadi puani, akajitwika mlango kichwani, akazunguka mtaa mzima nao, kona hii, kona ile, hadi karakana ya mumewe. Akapanga foleni nyuma ya wateja wengine. Zamu yake ilipofika, mume akaupokea mlango, akaupimapima, akaupapasa kwa mapenzi, akasema, "Mama, nani huyo mzembe aliyeuacha mlango mzuri hivi ukafikia hali hii?"

Kichwa cha mwalimu mkuu kikawa chepesi. Kikasimama wima mikononi mwa msusi kama yai.

"Akamjibu nini?" aliuliza mwalimu mkuu, bila kufungua macho.

"Akamwambia, sijui jina lake. Ninaishi naye tu."

Wifi kwenye kiti cha pili aliacha kusuka. Mteja wake naye hakulalamika. Seremala akaahidi kuuleta mlango mwenyewe, mke akampa anuani ya nyumba nyingine, kule alikokwisha kupanga chumba na kuhamishia vitu vyake. Seremala akaubeba mgongoni, akafika, akaufunga kwenye fremu, akapiga bawaba tatu badala ya mbili, akaujaribu: unakwenda, unarudi, hautoi sauti. Alikuwa amesimama kizingitini, anajifuta jasho, ndipo mke akashusha mtandio.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo wifi alipotazama kichwa cha mwalimu mkuu. Mistari ilianza vizuri kwenye paji la uso. Halafu, mahali mke alipoanza kuzunguka mtaa na mlango, mistari nayo ilikata kona. Ilizunguka sikio, ikapanda utosini, ikashuka upande wa pili, ikajikunja kama barabara inayokwepa mlima. Wifi alifungua mdomo aseme. Akaufunga. Alitaka kwanza kujua seremala amefanywaje.

"Akashusha mtandio," alisema mwalimu mkuu. "Halafu?"

"Akamtazama. Akamwambia, umeifanya kazi vizuri. Akaufunga mlango. Ukafunga vizuri sana, maana fundi alikuwa hodari. Basi."

Kwenye chuo cha kompyuta ghorofani mtu alikuwa akiburuza kiti. Kisha mwalimu mkuu akafungua macho, akajiona kwenye kioo.

"Nini hiki?"

Msusi akatazama kazi ya mikono yake kwa mara ya kwanza. Damu ilimshuka hadi kwenye ndala.

"Mama, samahani sana. Sijui vidole vilikwenda wapi."

"Vilikwenda karakana," alisema wifi.

"Kesho nina wakaguzi! Nitasimama mbele ya wakaguzi na kichwa kama ramani ya mitaro? Fumua! Fumua yote!"

Msusi akaanza kufumua, anaomba radhi kwa kila mstari. Walifumua wawili, yeye na wifi, kimya kama watu wanaochambua mchele. Walipofika nusu, mwalimu mkuu akasema, kwa sauti nyingine kabisa, sauti ambayo wanafunzi wake hawajawahi kuisikia:

"Alibisha hodi?"

"Nani, mama?"

"Huyo seremala. Alipofungiwa."

"Sijafikiria. Labda alibisha."

"Hata akibisha," alisema mwalimu mkuu, "usimfungulie."

Siku hiyo msusi hakukaa kwenye ngazi kuandika hadithi ya pili yenye upepo. Aliandika ile ile. Aliituma, halafu akaiweka simu ndani ya ndoo ya mataulo ili isimsumbue.

Kamusi alimpigia yeye mwenyewe.

"Dada, nimeisoma. Nimestaajabu. Ina mikwaruzo yake, ya kisaluni saluni, lakini ina uhai. Nimeamua nayo itasomwa ukumbini, na itaingia kitabuni."

Msusi ilibidi akae kwenye kiti cha mteja. Kitabuni! Alitaka kitabu kile kama mtoto anavyotaka kitu kilicho juu ya kabati. Alitaka kuliona jina lake kwenye karatasi ambayo siyo kadi ya kliniki.

"Kitu kidogo tu," aliendelea Kamusi. "Mlango ufunguliwe."

"Ufunguliwe vipi?"

"Mume apige magoti, atubu. Mke alie kidogo. Afungue. Funzo: wanandoa wasikilizane. Ukiufunga hivyo, msomaji anabaki nje."

"Seremala ndiye anabaki nje."

"Dada, usibishane na fasihi. Fikiria."

Alifikiria. Na hapa simsingizii ushujaa ambao hakuwa nao: alijaribu kweli kuufungua ule mlango. Aliisimulia hadithi kwa binti mmoja wa duka la mabomba, yenye magoti, machozi na kufunguliwa. Hadi kizingitini kichwa kilikuwa chepesi. Seremala alipopiga magoti, shingo ikalegea papo hapo, na binti akaomba apewe simu yake aangalie kama kuna mtu amempigia.

Nyumbani mume alikuwa ameshasikia habari, maana dada yake yupo.

"Huyo seremala," alisema mezani, akizungusha kijiko, "ni mimi?"

"Wewe unatengeneza milango?"

"Hapana."

"Basi kula."

Akala. Nyuma yake, ndani ya friji, mashuka yalikuwa yamekunjwa vizuri.

Asubuhi msusi alimwandikia Kamusi kwamba mlango ubaki ulivyo. Kamusi alijibu: "Nimekuelewa." Msusi alifurahi kupita kiasi. Hakujua kwamba mtu aliyetumikia kitengo cha uhusiano maisha yake yote anaposema amekuelewa, ndipo unapaswa kuanza kuwa na wasiwasi.

Siku ya mkutano walifunga saluni. Mteja mmoja alikuwa amesukwa nusu kichwa, akakataa kuachwa, akasema naye anakwenda. Kwa hiyo waliingia maktaba watatu: msusi na gauni lake la sherehe, wifi na mkoba, na mama mmoja mwenye mistari upande wa kulia na msitu upande wa kushoto. Kamusi alikuwa mbele na suti, ana kengele ndogo ya mezani ya kupimia muda wa wasomaji. Kila hadithi ilikuwa imechapwa tayari. Msusi alipoitwa, alikabidhiwa karatasi zake, nyeupe, zenye jina lake juu kwa herufi nene.

Alisoma. Mwanzoni sauti ilikuwa kama ya mtu anayeuliza njia. Alipofika kwenye foleni ya karakana, watu walianza kucheka mahali pa kucheka, na siyo kupitia puani. Alipata nguvu. Akafika kizingitini, mtandio ukashuka, akageuza ukurasa wa mwisho, na mdomo wake, kwa mazoea ya kusoma, ukasema:

"Ndipo mume akapiga magoti, machozi yakimbubujika mithili ya..."

Akaitazama ile karatasi kama mtu aliyekuta viatu vya mgeni chini ya kitanda chake.

"Samahani," alisema. "Mume hakupiga magoti."

Ukumbi ukacheka kidogo, ukidhani ni sehemu ya hadithi.

"Dada, endelea tu," alisema Kamusi kwa tabasamu la kupangwa. "Tumerekebisha mwisho kidogo, kwa faida yako."

"Sikuomba faida."

"Endelea kusoma, dada, wenzako wanasubiri."

Kulikuwa na njia rahisi. Mistari michache tu ilibaki: mke alie, afungue, wasikilizane, makofi, kitabu. Aliwatazama watu, na kwa kuwa amezoea kutazama vichwa kuliko nyuso, aliona vichwa. Vilikuwa vimesimama wakati wa mtandio. Sasa, baada ya magoti na machozi ya nusu sentensi tu, mzee mmoja alikuwa ameshaanza kutafuta kitu mfukoni.

Msusi akazigeuza karatasi, uso chini, akaziweka mezani.

"Narudi nyuma kidogo," alisema. "Amesimama kizingitini. Anajifuta jasho."

Kengele ikalia.

"Muda wako umekwisha, dada."

"Ule uliokwenda kwenye magoti ni wa kwako. Nirudishie."

Watu wakapiga kelele. Kamusi akapiga kengele tena, mara nyingi, kama muuza aiskrimu. Msusi aliizidi kengele kwa sauti. Mikono ilikuwa ikicheza mbele yake, inagawa, inavuta, inapindisha, kana kwamba ukumbi wote ni kichwa kimoja kikubwa kisichosukwa. Akamshusha mke mtandio. Akamwambia fundi kazi ni nzuri. Akaufunga mlango, kwa mikono yote miwili, polepole, na kuna watu waliapa baadaye kwamba walisikia komeo.

"Basi," alisema.

Kisha bwana mmoja wa nyuma akasimama kwa uchungu.

"Amfungulie, jamani! Mtu amebeba mlango mgongoni!"

"Asithubutu!" alijibu yule mama wa nusu kichwa.

"Lakini ameupiga bawaba tatu!"

"Angezipiga nyumbani kwake!"

Likawa zogo. Wanandoa wawili waliokuja wakiwa wameshikana mikono waliiachia. Mwanachama mmoja mwenye mtoto wa kunyonyesha alisema hadithi ni ya kikatili na kwamba ataisimulia kwa dada zake leo leo. Wengine walitoka wakinung'unika kwamba huu siyo uandishi, ni kiburi. Kamusi alipanda jukwaani, akatamka kwamba hadithi imekiuka sharti la funzo, imefutwa kwenye kitabu, na mwandishi wake amejitoa mwenyewe kwenye Changamoto kwa mwenendo wake. Wakati bado anatamka, dole gumba lake lilikuwa likifanya kazi chini ya meza. Simu iliyokuwa kwenye mkoba wa wifi ikanguruma.

"Amekuondoa kwenye grupu," alisema wifi. "Mtu yuko hapa hapa mbele yetu!"

Msusi aliichukua, akasoma, na safari hii alicheka mwenyewe, bila kumsaidia mtu.

Kitabu kilitoka bila yeye. Asiyeumia kwa hilo ni mwongo, na yeye siyo mwongo: alilia kidogo nyuma ya kikaushio, wifi akajifanya anatafuta kitana. Mara ya kwanza, baada ya ile soga ya saluni, alikunja karatasi akanyamaza. Safari hii alijipangusa, akakaa kwenye ngazi za nyuma, na bila mtu kumpa neno lolote akaanza hadithi ya mkunga aliyegoma kuzaa. Mkunga hakuwa na funzo lolote. Wiki iliyofuata akaandika nyingine. Wateja wakaanza kuja na vichwa ambavyo msuko wake bado ungedumu wiki nzima, wanasema wanataka "kurekebisha pembeni", kumbe wanataka kujua mkunga ameishia wapi.

Na kwenye grupu la chama, kwa mujibu wa wajumbe wasiojua kutunza siri, watu walinunua kitabu, wakakipekua mbele na nyuma, kisha wakaanza kuuliza: ile ya mlango iko wapi? Waliuliza kwa adabu, halafu bila adabu. Mwalimu mkuu, ambaye hata hakuwa mwanachama, aliomba kuingizwa ili aulize.

Siku moja katikati ya mchana simu ikanguruma mezani. Msusi alikuwa na mteja mpya kitini, mstari wa tatu, na mkunga ndiyo kwanza amefungiwa leba na wenzake. Kichwa mikononi kilikuwa chepesi kama boksi tupu.

"Ni Kamusi," alisema wifi. "Ameandika mpaka simu imepata joto. Nisome?"

"Soma."

Wifi akakohoa kwanza, kwa kauli.

"'Kwa heshima na taadhima, na kwa kuzingatia maslahi mapana ya fasihi, kamati imeridhia kukurejesha chamani bila masharti, na hadithi yako ya Mlango kuingizwa katika toleo la pili la kitabu, ukurasa wa kwanza kabisa, ikiwa na mwisho wako uleule, mlango ukiwa umefungwa. Tunachoomba ni sentensi moja tu ya funzo, hata fupi, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Historia ya uandishi wetu inasubiri jibu lako.'"

Saluni nzima ikageuka. Wifi alishika simu kwa mikono miwili, macho yanamtoka.

"Wifi, ukurasa wa kwanza! Herufi ndogo, nani atasoma? Nimjibuje?"

Msusi aligawa nywele, akachukua kipande cha rasta, akaanza mstari wa nne.

"Mwambie nina mteja."